Maswali ya wasomaji: Draiva ya mtandao inagoma kuachia interapti

SWALI: Habari mkuu. Nimeandika draiva ya kadi ya mtandao ya PCI Express kwenye Linux, kadi ina foleni 8 na kila foleni ina vekta yake ya MSI-X, yaani namba yake ya interapti (ishara ambayo kadi inaipa CPU ikiwa na kazi). Kuwasha hakuna shida, pakiti zinapita vizuri tu. Balaa ni kuzima. Nikizima interfesi logi inajaa "Trying to free already-free IRQ", nikiitoa moduli napata onyo lingine la remove_proc_entry kwamba folda ya irq ndani ya /proc haiko tupu, alafu nikiirudisha moduli kuna siku inawaka na kuna siku mashine nzima inaanguka. Nimehesabu mara tatu, request_irq (za kusajili interapti) ziko 8 na free_irq (za kuiachia) ziko 8. Nakosea wapi? Msimbo nimeambatanisha.

JIBU: Asante sana kwa kuambatanisha msimbo, bila huo ningekuwa napapasa gizani. Hesabu yako iko sawa kabisa ila kerneli, yaani kiini cha Linux, haihesabu, inalinganisha. Kwenye open (fanksheni ya kuwasha interfesi) unaita request_irq na pointa, yaani anwani ya memori, ya mwisho unayoipa ni &adapter->vec[i], sawa, alafu ukija kwenye stop (ya kuzima) unaita free_irq unaipa netdev, yaani pointa ya kifaa chote cha mtandao. Hiyo pointa ya mwisho, dev_id, ndio kitambulisho chako. Laini moja ya interapti inaweza kuwa na hendla (fanksheni zinazoitwa interapti ikija) nyingi zimejiandikisha, kwahiyo kerneli inapita kwenye orodha ya namba hiyo inatafuta aliyejiandikisha kwa pointa ileile, na isipompata inatoa ule ujumbe na kurudi mikono mitupu. Ujumbe wenyewe unapotosha kidogo maana unasema irq imeshaachiwa wakati kwako haijaachiwa hata moja, hendla zote 8 bado zipo palepale. Ndio maana folda ndani ya /proc haiko tupu, majina ya foleni zako bado yamo humo. Na mashine inaanguka kwasababu hendla iliyobaki inaelekeza kwenye memori ya moduli uliyokwisha kuitoa.

Weka &adapter->vec[i] pande zote mbili na ile kelele itaisha leo. Ila usiishie hapo, kuna mambo mengine mawili nimeyaona humo ndani na hayo hayapigi kelele.

La kwanza ni mpangilio. Kwenye stop unaachia kwanza memori za foleni ndio unakuja kuita free_irq. Watu wengi wanaichukulia free_irq kama kufuta jina kwenye daftari, kumbe kazi yake kubwa ni kusubiri. Inakutoa kwenye orodha, kisha inakaa mpaka hendla yako iwe haikimbii kwenye CPU yoyote ile, ndio inarudi. Ikisharudi unajua kwa uhakika kwamba humo ndani hamna mtu na hataingia mtu tena. Sasa kila ulichobomoa kabla haijarudi umekibomoa mtu akiwa ndani, na kwenye mashine yenye CPU moja inayojaribiwa taratibu mezani unaweza usione kitu miezi mingi, siku inawekwa kwenye seva yenye CPU nyingi na trafiki ya kweli ndio inaanza kuanguka na hamna anayejua kwanini.

Kwa kadi yako mimi ningefanya hivi: simamisha foleni za kutuma, ita napi_disable kwa kila foleni (inasimamisha NAPI, utaratibu wa kerneli wa kusoma pakiti kwa mafungu kupitia fanksheni iitwayo poll), kisha zima interapti ndani ya kadi yenyewe kwa kuandika kwenye rejista yake ya mask (ya kuziba interapti), na ukishaandika isome tena hiyo rejista, maana kwenye PCI uandishi unaweza kuchelewa njiani na kule kusoma ndio kunausukuma ufike. NAPI inatangulia kwasababu poll ikimaliza kazi yake huwa inawasha tena interapti kwenye kadi, ukizima interapti kabla poll haijatulia itakuja kukuwashia nyuma ya mgongo wako. Baada ya hapo ndio free_irq zote 8, baada ya free_irq ndio memori za foleni. Vekta zenyewe, yaani pci_free_irq_vectors, ni za mwisho kabisa, na kerneli za zamani kidogo zilikuwa zinapiga BUG palepale ukizirudisha wakati hendla bado imo. Halafu naona unatumia irq_set_affinity_hint (dokezo la CPU ipi ihudumie interapti), basi hiyo hint iondoe kwa kuiweka NULL kabla ya free_irq, la sivyo utapewa onyo lingine na utadhani tatizo halijaisha.

La pili ndilo limenisumbua zaidi, njia ya kushindwa. Ukiwa unaomba vekta 8 na ya sita ikakataliwa inabidi uachie tano ulizokwisha pata, na wewe umeandika while (--i >= 0) huku i ni unsigned. Namba isiyo na alama haishuki chini ya sifuri hata siku moja, ikifika 0 ukatoa 1 inageuka namba kubwa ajabu, kwahiyo kitanzi hakiishi na unaanza kusoma kitu ambacho sio chako nje ya safu. Andika while (i--), ikianguka kwenye i sawa na 5 itashuka 4, 3, 2, 1, 0 na kusimama. Hii njia karibu hakuna anayeijaribu kwasababu request_irq ni nadra kushindwa, ndio maana kosa kama hili linakaa miaka humo ndani. Jaribu makusudi: weka sharti kwamba i ikiwa 5 irudi -EBUSY, washa interfesi, ione inashindwa vizuri, angalia /proc/interrupts kama jina lako halipo hata moja, kisha toa hilo sharti uwashe tena. Fanya hivyo na kwa i sawa na 0, mwisho wa safu na mwanzo wake ndiko makosa yanakojificha.

SWALI: Mimi nimehamia devm_request_irq (request_irq ambayo kerneli inaiachia yenyewe kifaa kikitolewa) ili nisiwe na habari ya kusafisha. Kwenye remove (fanksheni ya kutoa kifaa) naita unregister_netdev na free_netdev basi. Lakini KASAN, kikaguzi cha memori cha kerneli, inalalamika use-after-free (memori kutumika baada ya kuachiwa) ndani ya hendla yangu, wakati kadi nimeshaizima! Inakuwaje interapti inakuja kwenye kadi iliyozimwa?

JIBU: Kadi yako haijaleta kitu, iamini. Vitu vya devm vinaachiwa baada ya remove kurudi, sio ndani yake. Ukiangalia kwa mtiririko huo, free_netdev imeshaondoa memori, na data yako binafsi inakaa humohumo ndani ya netdev, alafu remove inarudi, alafu ndio irq inaachiwa. Kuna kidirisha kifupi hapo katikati ambapo hendla bado imesajiliwa na pointa yake imekufa. Laini yako ni ya kushirikiana, IRQF_SHARED, kwahiyo jirani akipiga interapti kerneli inauliza kila mtu kwenye laini hiyo kama ni yake, na wewe umo. Na kama umewasha CONFIG_DEBUG_SHIRQ hata jirani hahitajiki, kerneli yenyewe inaiita hendla mara moja ya ziada wakati wa kuiachia, kusudi kabisa, ili kukamata draiva zenye kosa hilihili.

Vitu vya devm vinaachiwa kinyume na vilivyoombwa, kwahiyo ukitumia devm_alloc_etherdev kwanza ndio uombe irq, irq itatoka kabla ya memori na umetulia. Au ita devm_free_irq mwenyewe kabla ya free_netdev. Mimi binafsi kwa draiva za mtandao napenda zaidi kuomba irq kwenye open na kuiachia kwenye stop bila devm kabisa, unaandika mistari mingi zaidi lakini unaona kwa macho yako nani anatoka lini.

Na usisahau upande wa pili wa laini ya kushirikiana. Ukiachia hendla yako bila kuinyamazisha kadi, kadi inaendelea kuita na hakuna wa kuitikia, na kati ya interapti 100,000 zikizidi 99,900 ambazo hazina mwenyewe kerneli inaandika "nobody cared" na kuifunga laini nzima. Jirani yako kwenye laini hiyo anaweza kuwa diski. Yaani kosa ni lako kwenye mtandao na anayeumia ni mwenye mafaili.

SWALI: Fundi, ifdown (amri ya kuzima interfesi) inaganda kabisa, haina kosa lolote kwenye logi, hata kill haisaidii. Inaganda zaidi trafiki ikiwa kubwa. Ndani ya stop nashika spinlock (kufuli ambalo CPU inalisubiri kwa kuzunguka bila kulala) ya adapta, naita free_irq, naiachia spinlock.

JIBU: Jibu liko kwenye sentensi yako ya mwisho. free_irq inasubiri hendla imalize, hendla iko CPU nyingine inasubiri spinlock hiyohiyo uliyoishika wewe, wote mnangojeana. Trafiki ikiwa ndogo hendla huwa haipo ndani wakati huo ndio maana unapona. Isitoshe free_irq inaweza kulala kwahiyo haifai kuitwa ukiwa na spinlock hata siku moja, wala kutoka ndani ya hendla yenyewe. Shika kufuli, weka alama kwamba adapta inazimwa, achia kufuli, ndio uite free_irq.

Ukishatoa hiyo kagua na kazi yako ya kurisetia kadi, nimeona mahali nyingine ifdown ikigandishwa na napi_disable kuitwa mara mbili mfululizo, mara moja na kazi ya kuriseti na mara nyingine na stop, na ile ya pili inasubiri milele.