Re: Binti anataka kuvaa kama shujaa wa katuni

Dada, umeuliza kama binti yako wa miaka 12 aende maonyesho ya katuni amevaa kishujaa, na afanyeje akikutana na mtu maarufu.

Mwache aende! Ila joto la Mombasa wakati wa kaskazi halichezewi. Mimi nilivaa deraya ya sponji niliyoibandika kwa gundi ya fundi viatu. Kufika feri ya Likoni, bega la kulia limeshabanduka, nikalishikilia kwa mkono mpaka ng'ambo. Kwa hivyo viungo vyote mshonee kwa uzi. Kitambaa chepesi cha pamba utakipata Biashara Street. Kofia ya kufunika uso itoboe matundu, na awe anaivua anywe maji.

Kwa mastaa, aombe ruhusa kwanza, apige picha moja, ashukuru, apishe wengine. Waliovaa mavazi ya mashujaa nao asiwaguse bila kuwauliza. Tena awaheshimu wote sawa, maana huwezi kujua nani yumo ndani: mwaka 2017 mwigizaji wetu Lupita Nyong'o alizunguka Comic-Con ya San Diego, maonyesho makubwa ya katuni kule Marekani, amejificha ndani ya vazi la Pink Ranger, yule shujaa wa waridi wa Power Rangers, uso wote umefunikwa. Msimulie binti yako hiyo, atafurahi mno.