Meno ya bandia juu ya vipandikizi hudumu kwa muda gani?

Swali: Daktari, nimeshauriwa nipandikizwe skrubu mbili za titani kwenye taya la chini ili zishikilie meno yangu ya bandia. Je, zitadumu?

Jibu: Ushauri huo ni mzuri, kwani mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walipendekeza vipandikizi viwili viwe chaguo la kwanza kwa taya la chini lisilo na meno. Baada ya miaka 10, zaidi ya asilimia 90 ya vipandikizi hivyo huwa bado imara. Taya la juu, lenye mfupa laini zaidi, halifikii matokeo hayo kwa urahisi. Vinavyochakaa mapema ni vibanio, yaani vishikizo vinavyounganisha meno ya bandia na vipandikizi, navyo hubadilishwa. Ninakusihi usafishe kila siku kuzunguka vipandikizi, na uache sigara kama unavuta, kwa sababu uvimbe wa fizi unaweza kula mfupa polepole bila maumivu.