Kind of Blue: upande wa kwanza noti zake zimepanda, hivi ndivyo unavyourekebisha

Mkuu, umesema kibodi yako inakubaliana na upande wa pili wa santuri ya jazz ya Kind of Blue, ila upande wa kwanza kila noti inaangukia katikati ya vibonye viwili. Kibodi haina tatizo, na masikio yako hayana tatizo. Kosa limo kwenye kanda iliyotengenezea hiyo santuri.

Mpiga tarumbeta Miles Davis aliirekodi kwa vipindi viwili kwenye studio ya Columbia ya 30th Street, New York: tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959. So What, Freddie Freeloader na Blue in Green, yaani upande wa kwanza wote, ni za Machi. Siku hiyo mashine mbili zilikuwa zinarekodi kwa pamoja, moja kanda kuu na nyingine ya akiba, na ile ya kanda kuu ilizunguka polepole kuliko ilivyotakiwa. Kanda ya namna hiyo ukiicheza kwa kasi sahihi, muziki unakimbia na noti zinapanda, vyote viwili. Santuri na CD ziliendelea kutoka hivyo hivyo hadi 1992, Mark Wilder wa Sony alipoandaa toleo jipya kutoka kanda ya akiba. CD ya 1997 imesahihishwa tayari. Utakachopata mtandaoni kutoka kwa kampuni yenyewe siku hizi ni hicho hicho kilichosahihishwa, lakini santuri za zamani ambazo watu wanazirekodi na kuzipandisha wenyewe bado zina kosa.

Kabla hujagusa chochote, hakikisha gramafoni yako yenyewe haidanganyi. Upande wa pili ndio kipimo chako: All Blues iko kwenye G, na besi ya Paul Chambers inairudia tangu mwanzo. Ikikubaliana na G ya kibodi, gramafoni ni nzima. Angalizo: kwenye santuri za mwanzo kabisa lebo ya upande wa pili ilipishanisha majina, Flamenco Sketches imeandikwa kwanza. Usifuate lebo. All Blues ndiyo yenye mdundo wa 6/8.

Pande zote mbili zikiwa chini sana, hapo tatizo ni la kwako. Gramafoni nyingi za zamani zilizoletwa kutoka Marekani zina mota inayofuata mapigo ya umeme. Kule ni Hz 60, kwetu ni 50. Transfoma inashusha volti tu, mapigo haiyagusi, kwa hiyo sahani inazunguka kama mara 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓, na saksafoni ya John Coltrane inasikika kama ina usingizi. Kadi ya mistari ya kupimia kasi (unaiweka juu ya sahani, na mistari inaonekana imetulia kasi ikiwa sahihi) nayo iwe ya Hz 50 (mistari 180 kwa 33⅓, ya Hz 60 ina 216), na uimulike kwa balbu ya zamani ya waya. Taa nyingi za LED hazipepesi vya kutosha, mistari haitulii hata kasi ikiwa sahihi.

Sasa upande wa kwanza. Chukua programu ya simu ya kupimia noti, inayoonyesha senti (100 kwa kila nusu toni). Kwenye So What ruka ule utangulizi usio na mdundo, anza pale besi inapotoa wimbo. Pima ndani ya baa 16 za kwanza tu, ambazo ni D. Baada ya hapo wanapanda kwenda E bemoli (nusu toni juu ya D) kwa baa 8, kisha wanarudi D kwa 8 za mwisho. Ukipima hovyo, D iliyopanda na E bemoli zitakuchanganya, na programu nayo itarukaruka kati ya majina hayo mawili. Ukitaka uhakika zaidi nenda Freddie Freeloader, bluzi ya B bemoli, usikilize piano ya Wynton Kelly. Mpulizaji anaweza kuvuta noti atakavyo. Piano haivutiki.

Hesabu ni nyepesi: kila senti 10 ni kama asilimia 0.58 ya kasi. Ukisoma senti 30 juu, punguza kama asilimia 1.7. Gramafoni yenye kitelezi cha kasi, kama Technics SL-1200, inafanya hivyo bila shida, ila ukigeuza santuri rudisha kitelezi kwenye sifuri, maana upande wa pili hauhitaji marekebisho. Kwenye kompyuta, programu ya kuhariri sauti ya Audacity inatosha: tumia kazi inayobadilisha kasi yote, si ile inayoshusha noti peke yake. Ukishusha noti peke yake, zitakaa sawa lakini mpiga ngoma Jimmy Cobb ataendelea kukimbia.

Wapo wanaoshikilia toleo la zamani kwa sababu ndilo walilokulia nalo, na kwa kusikiliza tu sina ugomvi nao. Wewe unajifunza kupiga, tafuta lililosahihishwa. Kama santuri ndiyo pekee uliyonayo na gramafoni haina kitelezi, ipandishe kibodi: karibu zote zina sehemu ya kubadilisha noti A ya Hz 440, ambayo nyingine zote hufuata. Ukiweka 447 umepanda senti 27. Endelea kidogo kidogo mpaka ule mtikisiko unaosikika kibodi na piano ya santuri zisipolingana upotee.