Kibodi imeharibika? Ipime kwanza, kisha uifungue

Kibodi nyingi zinazotupwa hazijafa. Zimejaa uchafu, zimemwagikiwa kinywaji, au ndani yake kuna mstari mmoja mwembamba wa umeme uliokatika. Wewe unayeanza kujifunza kazi hii, ombi langu la kwanza ni kwamba usikimbilie bisibisi. Fungua programu yoyote ya kuandikia, bonyeza kitufe kimoja kimoja kuanzia juu kushoto hadi chini kulia, na kila kinachogoma kiandike kwenye karatasi. Andika pia kinachojirudia chenyewe na kinachotaka kukandamizwa kwa nguvu. Karatasi hiyo itakuongoza kazi nzima.

Vitufe havina kila kimoja waya wake wa kwenda kwenye kompyuta. Vimepangwa juu ya mistari ya umeme inayokatizana, na kila kitufe kimekaa pale mistari miwili inapokutana. Chipu iliyomo ndani ya kibodi huikagua mistari hiyo mfululizo ikitafuta ni wapi imegusana. Kwa hiyo kikigoma kitufe kimoja peke yake, ubovu uko pale pale: vumbi, makombo, au mpira wa chini ya kitufe uliochanika. Vikigoma vinne au sita kwa wakati mmoja, hata kama vimekaa mbalimbali, shuku mstari uliokatika au kiungio kilicholegea. Hapo ukisugua kitufe kimoja kimoja unajichosha bure. Ikigoma kibodi nzima, anza na waya na tundu la USB. Waya hupenda kukatikia ndani, pale unapoingilia kwenye kibodi, huku ganda lake la nje likiwa zima kabisa. Uchezeshe taratibu mahali hapo huku mtu mwingine akibonyeza vitufe. Herufi zikitokea na kupotea, umeshapata ubovu wako.

Kabla ya yote hayo, hakikisha si mipangilio ya kompyuta inayokusumbua. Kwenye baadhi ya laptopu, Num Lock ikiwashwa, herufi za upande wa kulia huandika tarakimu. Kwenye Windows, ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, unaombwa kuwasha mpangilio unaopuuza mibonyezo ya haraka. Mtu akikubali bila kusoma, kibodi yake huonekana imekufa ganzi. Alama ya @ na alama za kunukuu zikibadilishana nafasi, tatizo ni kibodi ya Kimarekani iliyopangiwa mpangilio wa Uingereza, au kinyume chake. Nenda kwenye mipangilio ya lugha, usiguse skrubu hata moja.

Sasa tuje kwenye vimiminika, maana hapa ndipo dakika za mwanzo zinapoamua kila kitu. Kibodi ya waya ichomoe mara moja na uigeuze kifudifudi. Ikiwa ni ya zamani yenye kiungio cha duara, zima kompyuta kwanza, kwa sababu kiungio hicho hakikuundwa kuchomolewa umeme ukiwa unapita. Laptopu inataka haraka zaidi: zima kwa kushikilia kitufe cha kuwashia, toa chaja, toa betri kama inatoka, kisha ifungue na uisimamishe kifudifudi, skrini na kibodi zikitengeneza umbo la hema. Usiiwashe kujaribu. Maji yenyewe yakikauka huacha madhara machache; kinachoua ni umeme kupita kwenye unyevu, maana hapo mistari ya metali huanza kuliwa na kutu. Kuizika kwenye mchele hakuvuti maji yaliyojificha chini ya vitufe, na hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele hupinda plastiki. Feni ya kawaida na muda vinatosha. Kama kilichomwagika kilikuwa na sukari au maziwa, kukauka peke yake si dawa. Sukari itabaki inanata na vitufe vitakwama, kwa hiyo itabidi ufungue na kuosha.

Kuosha kunaanza na picha. Piga picha kibodi nzima kwa simu kabla ya kung'oa chochote, maana alama za pembeni hazikai kichwani hata kwa mtu anayechapa kila siku. Kisha ng'oa vifuniko vya vitufe kwa kuvivuta wima kuelekea juu, pande zote mbili kwa pamoja. Kifuniko kikivutwa kwa upande mmoja, shina lake huvunjika. Spacebar, Enter na Shift zina kijiti cha chuma kilichonaswa chini yake ili kitufe kirefu kishuke sawasawa. Inua kidogo, chungulia, tegua kijiti kwenye vishikizo vyake, ndipo utoe. Binafsi sipendi kuvitoa vitufe hivi virefu kama si lazima, na hata mafundi wazoefu huviacha mwisho.

Vifuniko viloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo. Maji ya moto yanavipinda. Suuza, vitandaze juu ya kitambaa, uviache hadi kesho yake. Tone moja lililobaki ndani ya shina linatosha kukurudisha mwanzo. Mwili wa kibodi usafishe kwa brashi kavu kwanza, halafu vijiti vya pamba vilivyolowanishwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili. Chagua yenye asilimia 90 au zaidi, kwa kuwa ina maji machache na hukauka upesi. Usisugue nayo juu ya herufi zilizochapwa, zinaweza kufutika. Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, isikaribie kabisa, kwa kuwa inayeyusha plastiki. Ukitumia kopo la hewa iliyoshindiliwa, lishike wima, usije ukapuliza kimiminika baridi kwenye vitufe.

Kama karatasi yako inaonyesha kundi zima la vitufe limegoma, ni lazima kufungua. Skrubu nyingine hujificha chini ya stika na chini ya miguu ya mpira. Fungua kibodi ikiwa imelala kifudifudi, kwa sababu kwenye baadhi yake vikombe vya mpira vimewekwa kimoja kimoja, na ukiigeuza vitatawanyika meza nzima. Ndani utakuta tabaka tatu za plastiki laini. Ya juu na ya chini zimechorwa mistari ya wino unaopitisha umeme, na ya katikati ina matundu tu. Ukibonyeza, mpira unasukuma tabaka la juu hadi liguse la chini kupitia tundu.

Inua tabaka zenye mistari moja baada ya nyingine na uitazame kwenye mwanga wa dirisha. Mstari mzima unang'aa rangi ya fedha bila kukatika. Ulioumizwa na kinywaji una doa jeusi au la kijani, na wakati mwingine wino wenyewe umebanduka, pamebaki plastiki tupu. Pitisha kitambaa chenye maji kidogo, kwa mkono mwepesi, maana wino huo hubanduka ukisuguliwa. Kisha pima kwa maltimita, kifaa cha kupimia umeme, ncha moja kila upande wa doa. Tumia kipimo cha omu, yaani cha ukinzani, usitegemee mlio wake wa kuonyesha mstari mzima: wino huu una ukinzani mkubwa kuliko waya wa shaba, na maltimita inaweza kukaa kimya ingawa mstari ni mzima. Uliokatika kweli unazibwa kwa rangi ya fedha inayopitisha umeme. Weka utepe wa gundi pande zote mbili ili rangi isiguse mstari wa jirani, paka safu nyembamba, iache ikauke kikamilifu, pima tena. Lehemu haifai hapa, plastiki itayeyuka.

Kibodi za swichi za mekanika ni nyepesi kutibu, kwa kuwa kila kitufe kina swichi yake. Nyingine zinachomolewa kwa mkono na kubadilishwa. Zilizolehemiwa zinataka mtu aliyekwisha kufanya mazoezi kwenye bodi ya kutupa.

Laptopu iache hadi mkono wako utulie. Vifuniko vyake vinashikwa na vishikizo vidogo vya plastiki vilivyopishana kama mkasi, na kikivunjika kimoja, kitufe hakikai tena. Utepe unaounganisha kibodi na bodi kuu una kibanio: kiinue kwa ukucha kwanza, ndipo uuvute. Kwenye laptopu nyingi kibodi imebanwa kwa vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa, haikutengenezwa ifunguliwe. Mstari ukikatika humo, nunua kibodi nyingine nzima. Soma namba iliyoandikwa kwenye stika ya mgongoni mwake, linganisha umbo la Enter na upande utepe unapotokea, na ujaribu kila kitufe kabla ya kurudisha skrubu zote.