Miguu nayo irushe ndege: maswali yenu kuhusu pedali za usukani

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kitu kimoja: pedali za kukanyaga chini ya meza, zile zinazogeuza usukani wa mkia katika michezo ya simuleta, yaani ya kuiga urushaji wa ndege, kama Microsoft Flight Simulator, X-Plane, au FlightGear ambayo ni ya bure. Kwa wageni: hizi si gesi na klachi. Ukisukuma ya kulia mbele, ya kushoto inarudi nyuma. Ukikandamiza sehemu ya juu kwa vidole, unashika breki ya gurudumu la upande huo.

Jostiki yangu, ile fimbo ya kuongozea ndege, inapinda kushoto na kulia kwenye kiganja. Kwa nini ninunue pedali tena? (Msomaji, Ntinda)

Inategemea unarusha nini. Kwa A330 au CRJ900, aina wanazotumia Uganda Airlines, miguu inapumzika muda mwingi wa safari, maana mitambo ya ndege yenyewe inaulinganisha mkia. Utaihitaji wakati wa kupaa, kutua, au injini moja ikizimika.

Cessna 172, ndege ndogo ya propela moja, ni habari nyingine. Propela yake inazunguka kisaa ukiitazama kutoka kiti cha rubani, na ukifungua nguvu zote pua inakimbilia kushoto. Bila mguu wa kulia utaishia majanini. Kisha uje utue upepo ukipiga ubavuni: bawa la upande wa upepo liko chini, usukani umesukumwa upande wa pili. Bila pedali, mkono mmoja unatakiwa ulaze jostiki kushoto na papo hapo uipinde kulia. Ujaribu uone kifundo kitakavyogoma. Hiyo ndiyo kazi ya miguu.

Ila kabla ya kutoa hata shilingi, ingia kwenye mpangilio wa usaidizi wa mchezo uzime usukani wa kujiendesha. Wengi wameuacha ukiwa umewashwa, kompyuta inawarushia, nao wanadhani wameshaiva.

Ninazozimudu ni za Logitech au Thrustmaster TFRP. Nichukue zipi, au nijibane nipate za bei kubwa? (Msomaji, Mbarara)

Anza na miguu yako. TFRP ni nyepesi na pedali zake zimekaribiana sana. Mtu wa kiatu namba 45 anakaa kama abiria wa tatu kwenye bodaboda. Sifa yake ni waya wa RJ12 (plagi yake ni kama ya simu ya mezani) unaoingia moja kwa moja kwenye baadhi ya jostiki za Thrustmaster, kwa hiyo hata mwenye Xbox anaweza kuitumia kwa kupitia jostiki inayokubali. Za Logitech, ambazo zamani zilikuwa za Saitek kabla Logitech hawajainunua mwaka 2016, ni pana, zina kitufe cha kukaza au kulegeza, na ni za kompyuta tu. Kwa mtu wa Cessna na kompyuta, sisi tunasema Logitech.

Zote mbili zinatumia potensiometa, kile kidubwana kilicho nyuma ya kitufe cha sauti cha redio. Unajua redio ya zamani inavyokwaruza ukizungusha sauti? Ndivyo pedali zitakavyofanya siku moja. Za bei kubwa zina sensa ya Hall, inayosoma sumaku bila kugusana na chochote, hivyo hakuna cha kusuguka. Thrustmaster TPR ni ya aina hiyo, na MFG Crosswind ya Kroatia pia. Ila angalia uzito: TPR ina takriban kilo 7, na msafirishaji wa ndege anakutoza kwa kilo. Ongeza VAT ya asilimia 18 ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kabla hujasema bei ni nafuu. VKB T-Rudder ni ndogo na nzuri, lakini haina breki za vidole. Usiichukue kama unapenda kugeuza ndege kwenye maegesho finyu.

Zilizotumika hatuzikatai, mradi muuzaji akubali uzijaribu kwenye laptopu kwanza. Namna ya kujaribu iko kwenye jibu la Entebbe hapa chini.

Sakafu yangu ni ya vigae. Nikishika breki pedali zinakimbilia ukutani na kiti kinarudi nyuma. (Msomaji, Nsambya)

Ni nguvu moja inayosukuma pande mbili, kwa hiyo kuzuia upande mmoja hakusaidii. Mkeka wa mpira utavumilia usukani laini, breki zitaushinda. Dawa ni kuvifunga pedali na kiti viwe kitu kimoja.

Nunua plaiwudi ya milimita 18, ikatwe sentimita 60 kwa 120. Ndeeba hukosi seremala wa kukukatia. Weka pedali kwenye ncha moja. Kama kitako kina matundu, kaza kwa skrubu na washa pana. Kama hakina, zizingire mbele na pembeni kwa vipande vya mbao vya inchi 2 kwa 2. Sasa keti, sukuma pedali moja hadi mwisho, na sogeza kiti mpaka goti libaki limepinda kidogo huku kisigino kikiwa chini. Weka alama magurudumu ya kiti yalipo, kisha piga mbao nyuma yake. Uzito wako umekalia ubao uleule unaousukuma, hauendi popote.

Asiyetaka ubao chumbani atumie ukanda wa kufungia mizigo kutoka mguu wa kiti hadi kwenye pedali. Unafanya kazi, ila utachoka kuufungua kila ukitaka kunyanyuka.

Hewani pua inatikisika kushoto kulia na sijagusa kitu. (Msomaji, Entebbe)

Kosa la kwanza kabisa: pedali na jostiki inayopinda zote zimepewa usukani, zinagombana. Futa ile ya jostiki.

Ikiendelea, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, fungua sifa za pedali. Toa miguu. Mshale ukitulia hapo, tatizo liko kwenye mpangilio wa mchezo. Ukicheza, au ukiruka ghafla ukisukuma polepole, potensiometa imeingia vumbi, na vumbi letu la murramu halibishi hodi. Chomoa USB, piga picha nyaya zilivyokaa kabla hujagusa kitu, puliza dawa ya kusafishia umeme kwenye upenyo wa potensiometa, izungushe mwisho hadi mwisho mara 30, iache ikauke dakika 20. WD-40 ya kawaida hapana: inaacha mafuta, na mafuta yanakusanya vumbi upya. Mwisho sawazisha tena kwenye Windows.

Mtikisiko mdogo uliobaki ufichie kwenye eneo lisiloitikia la asilimia 3 hadi 5. Ukiona unahitaji 15, bado kuna ugonjwa.

Nimechomeka pedali mpya, naongeza nguvu, ndege haisogei. (Msomaji, Arua)

Breki zimesomwa kinyume: ukitoa mguu ndipo zinashika. Geuza mhimili wa kila breki kwenye mpangilio, kushoto na kulia.

Zinafaa helikopta? (Msomaji, Jinja)

Sana, ila legeza springi hadi mwisho. Pedali za helikopta zinatakiwa zikae pale ulipoziacha, si kurudi katikati kwa nguvu.

Fundi wa kuchomelea ninaye. Naweza kujitengenezea? (Msomaji, Soroti)

Unaweza, na chuma ndiyo sehemu rahisi. Mhimili wa kati ukae kwenye beringi mbili za 608, zenye tundu la milimita 8, usilegee hata kidogo. Kwa upande wa umeme tafuta Arduino, kibao kidogo cha kompyuta kinachosoma potensiometa: Leonardo au Pro Micro. Kompyuta inazitambua kama jostiki, Uno ya kawaida haifanyi hivyo moja kwa moja.

Wengi wanakwama kwenye potensiometa. Chukua ya 10K yenye herufi B. Ya A inabadilika kwa mkunjo na usukani utakuwa mkali upande mmoja. Inazunguka kama nyuzi 300, pedali yako inazunguka labda 60, kwa hiyo ukiifunga moja kwa moja unapata hatua kama 200 tu kati ya 1,024 ambazo Arduino inaweza kusoma, na ndege itageuka kwa kurukaruka. Weka gia ya meno 40 kwenye mhimili na ya meno 10 kwenye potensiometa. Waya wa katikati wa potensiometa uende kwenye pini ya Arduino iliyoandikwa A0, wa pembeni mmoja 5V, mwingine GND. Ikisoma kinyume, badilishana hizo mbili za pembeni. Ya katikati usiiguse.