Kabla Tingatinga Halijaingia Mjini: Maswali na Majibu Kuhusu Kuendeleza Upya Katikati ya Iringa

Kamwene, wasomaji. Tumechagua maswali yanayogusa wengi. Penye mali za watu tumekaa kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo kosa dogo la makaratasi linapoweza kuifilisi familia.

Nyumba yetu ya urithi ipo jirani na soko. Mbele ni duka, nyuma tunaishi. Wamepita watu wakachora X ukutani. Tudai nini? (Mama wa watoto wanne, Kitanzini)

Mama, alama ya ukutani si malipo, wala si amri ya kuhama. Serikali ikitwaa eneo kwa manufaa ya umma, Sheria ya Ardhi ya 1999 na kanuni za fidia za 2001 zinataka ulipwe mafungu kadhaa, si bei ya nyumba peke yake. Lipo la thamani ya soko ya ardhi na jengo. Ipo posho ya makazi: kodi ya mwezi ya nyumba kama hiyo mara miezi 36. Faida ya duka inayopotea nayo huzidishwa mara 36, na hapa tunasema faida halisi, gharama zikishatolewa. Usafiri hukadiriwa kwa kuhamisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Mwisho ni posho ya usumbufu, inayokokotolewa kwa thamani ya mali na riba ya wastani ya amana za muda maalumu benki kwa miezi 12.

Watu hupoteza zaidi kwenye faida. Duka linalobakiza Sh 400,000 kwa mwezi lina dai la Sh 14,400,000, lakini mthamini haandiki namba ya mdomoni. Anataka hesabu zilizokaguliwa, au angalau vitabu vinavyosomeka: daftari la mauzo, stakabadhi za EFD (mashine ya risiti za kodi), makadirio ya kodi ya TRA, leseni. Aliyejitangaza TRA kuwa na mauzo madogo, halafu siku ya fidia akataja makubwa, atahesabiwa kwa yale madogo. Anzeni daftari leo.

Hati ikiwa bado na jina la marehemu, fungueni mirathi mahakamani sasa, apatikane msimamizi. Tumeona ndugu wakianza kugombana siku jedwali la fidia linapobandikwa, na fedha zikakwama wakati jirani zao wameshajenga kwingine.

Siku ya uthamini uwepo mwenyewe. Hesabu pamoja na mthamini vyumba, choo, ukuta, tangi na miti, piga picha, usitie sahihi kwenye fomu yenye nafasi tupu, omba nakala. Usiongeze chumba baada ya hapo, hakitalipwa. Kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, thamani iliyoidhinishwa hudumu miaka 2, na malipo yakipita miezi 6 bila kutoka huanza kudai riba. Kwa hiyo andika tarehe ya kuidhinishwa, usiiache kwenye kumbukumbu za mwenyekiti wa mtaa peke yake.

Kwa wapangaji waliouliza hilohilo: jengo si lenu, hamna dai lake. Nyumba nyingi za katikati ya miji yetu zilitaifishwa mwaka 1971, na leo mwenye nyumba ni Shirika la Nyumba la Taifa. Mwenye jengo akiamua kuvunja ajenge ghorofa yake, huo si utwaaji, na ngao yako ni mkataba tu. Kabla ya kuhuisha, omba viingizwe vipengele viwili: notisi ya miezi 6, na haki ya kurudi kwanza jengo jipya likikamilika.

Tukihamishwa soko lijengwe upya, tutarudi kweli? (Muuza mbogamboga, Mashine Tatu)

Mtarudi kama mambo matatu yamefanyika kabla ya bati la kwanza kung'olewa.

La kwanza ni daftari la wafanyabiashara. Lifanywe siku mbili tofauti, ya soko kubwa na ya kawaida, kizimba kwa kizimba, kwa picha na namba, kisha libandikwe wazi wiki mbili watu walisahihishe. Daftari lisilobandikwa hunenepa usiku: kizimba kimoja kinapata majina matatu, na muuzaji halisi anageuka mpangaji wa mtu asiyewahi kuuza hata fungu la mchicha.

La pili ni soko la muda. Liwe njiani kwa waendao kwa miguu, karibu na kituo cha daladala, na liwe tayari na maji, vyoo, taa na sakafu isiyo tope. Nyanya haifuatwi kilomita mbili na mteja anayetaka za elfu moja. Wauzaji wakipelekwa pembeni, baada ya wiki chache watakuwa wamerudi barabarani, na mgambo hatawaweza.

La tatu ni hesabu ya kodi. Tuseme kizimba kimoja kimegharimu Sh milioni 9 kwa mkopo wa miaka 15. Gawa kwa miezi 180: ni Sh 50,000 kwa mwezi kabla ya riba, ulinzi, usafi na umeme. Kama leo unalipa Sh 15,000, swali hili liulizwe kwenye mkutano wa kwanza, si siku ya ufunguzi. Tiba yake ni ya michoro: jengo la chini, lisilo na ghorofa za fahari, lenye maduka makubwa upande wa barabarani yatakayobeba sehemu ya mzigo wa vizimba vya ndani. Mboga na ndizi zisipandishwe ghorofani kamwe. Mteja mwenye kikapu hapandi ngazi.

Wenzetu wa Mbeya wanaujua moto: Mwanjelwa iliungua 2006, na soko la SIDO likaungua 2017. Dai njia za ndani zisizopungua mita 2, njia ya gari la zimamoto isiyopangishwa mtu hata sikukuu, bomba la kuzimia moto lenye maji kweli, na mita ya umeme kwa kila kizimba. Nyaya za kuungia kwa jirani hubeba mzigo kuliko uwezo wake, zinachemka, na kwenye mbao na maturubai dakika chache zinatosha.

Kwa nini barabara ikipendezeshwa tu inachimbwa tena? Na kwa nini maji ya mvua yameongezeka kwetu huku bondeni? (Fundi ujenzi, Ipogolo)

Fundi, inachimbwa kwa sababu mkandarasi wa vigae vya zege alitangulia, wa bomba akafuata. Mpango mzuri huwakalisha TARURA wa barabara, IRUWASA wa maji, TANESCO wa umeme na kampuni za simu juu ya ramani moja. Mabomba ya zamani yanabadilishwa kwanza, na kila makutano yanalazwa mabomba matupu ya milimita 110, matatu au manne, ya kupitishia nyaya za kesho. Vigae huja mwisho: milimita 60 penye watu, 80 penye magari, juu ya mchanga wa sentimita 3 hivi. Mchanga ukiwa mnene, magurudumu huchora mabonde.

Maji nayo yana hesabu. Mji wetu umekaa mgongoni, juu ya bonde la Ruaha Mdogo. Chukua hekta 10 na mvua ya milimita 60 kwa saa. Penye ua na bustani, nusu ya maji hutiririka: 0.5 × 60 × 10, gawa kwa 360 ili kugeuza vipimo, ni mita za ujazo 0.83 kwa sekunde. Ziba kila mahali kwa zege, sehemu ya maji inayotiririka ikifika 0.9 badala ya 0.5, unapata 1.5. Mvua ni ileile. Mtaro wa chini unapokea karibu mara mbili. Basi mtaro upanuliwe kuanzia bondeni kwenda juu, si kinyume chake. Kwenye mteremko mkali uwekewe ngazi za mawe, vinginevyo maji yanachimba kitako. Mifuniko iwe vipande ambavyo watu wawili wanaweza kuvinyanyua. Mtaro usiofunguka hausafishwi.

Kazi hizi zina msimu wake, Mei hadi Oktoba. Tahadhari: upepo wa kiangazi cha Iringa hukausha zege upesi. Limwagiliwe na kufunikwa siku 7 japo kuna baridi.

Majengo ya zamani yavunjwe? (Mwanafunzi, Gangilonga)

Hapana, si yote. Wajerumani waliuanzisha mji huu mwaka 1896 baada ya kuiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa, mwaka 1894, na Boma lao leo ni makumbusho. Lakini usitegemee uzee wa jengo peke yake. Linalindwa likitangazwa rasmi, au mpango wenyewe ukilitaja. Hivyo orodha iandaliwe kabla ya kugawa vibali vya ghorofa. Kuta za tofali za udongo zisipigwe lipu ya saruji: inafungia unyevu ndani na ukuta unaoza. Tumieni chokaa. Na baraza za maduka ya zamani zibaki, maana ndizo njia yetu ya kupita mvua ikinyesha.

Tangu mabasi yahamie stendi ya Igumbilo, nje ya katikati ya mji, wateja wamepungua, na waliobaki hawana pa kuegesha. (Mwenye hoteli, Miomboni)

Ndugu, mabasi hayatarudi, na afadhali. Kilichokupunguzia wateja ni safari ya kupanda huku juu. Dai daladala za Igumbilo zipite katikati ya mji badala ya kuishia pembeni. Kuhusu maegesho, gari moja likiegeshwa sambamba na barabara linakula mita 6, upana wa duka zima. Tazameni asubuhi: mengi ni ya wenye maduka na wafanyakazi wao, hukaa hadi jioni. Yahamie nyuma, mbele kulipiwe kwa saa, na utaona nafasi bila kuvunja jengo lolote.

Mchoro wa mpango tunauona wapi? (Kijana, Mshindo)

Ofisi ya mipango miji ya manispaa. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni kabla ya mpango kuidhinishwa. Yapeleke kwa maandishi, taja namba ya kiwanja na mtaa, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.