Re: Sijui majina ya ndege, naweza kujitolea kuhesabu?

Mkuu unauliza kama mtu asiyejua majina ya ndege wa pwani anaweza kujitolea kuhesabu, na hizo namba zinasaidia nini. Unaweza kabisa, unakaa na mzoefu, yeye na darubini we unaandika, majina yatakuja tu. Ishu kubwa ni maji, nenda yakiwa yamejaa, maana yakipwa ndege wanatawanyika kwenye matope kutafuta chakula na hutawaweza, yakijaa wanasukumwa wanarundikana sehemu moja kupumzika. Kundi likiwa kubwa usihesabu mmoja mmoja, hesabu kumi uone wamechukua nafasi gani halafu twende kwa makumi au mamia. Na usiwasogelee mpaka waruke bana, wale wanatunza mafuta ya safari, kuna aina inatoka Alaska hadi New Zealand bila kutua, zaidi ya kilomita 11,000!!

Kuhusu namba, hesabu ya kimataifa ya kila Januari ipo tangu 1967, na eneo ambalo mara kwa mara lina asilimia 1 ya ndege wote wa jamii fulani linafaa kuingia orodha ya Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, hapo anayetaka kulifukia ajenge ana kazi ya kujieleza. Ukikuta hamna ndege andika sifuri, nayo ni data.